Vipimo Nilivyovichagua

Mashine ilinguruma, ikanyamaza, kisha ikaanza kunguruma upya kwa nguvu zaidi. Mkanda uliokuwa umenizunguka mkono wa kushoto ulizidi kubana hadi vidole vikaanza kufa ganzi. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akinipima hakunitazama. Aliitazama skrini, naye alikuwa ameacha kuzungumza na mwenzake. Nilichofikiria kwanza ni kwamba mashine ilikuwa mbovu. Kazi yangu ni vipimo, na chombo kinachorudia jambo bila kuamriwa huwa nakiwekea alama ya kupelekwa kwa fundi.

Sikuwa nimekwenda pale kupimwa. Mvua ya mawe ilinikuta nikitoka maktabani, nikajikinga katika ukumbi ambamo wanafunzi wa sayansi za afya walikuwa wameweka meza mbili na bango la kuwaalika watu wapimwe presha. Ni vigumu kusimama tu mbele ya kiti kitupu na watu wawili wanaokutazama kwa matumaini. Nikavua koti, nikaketi.

"Dada, ulikuwa unakimbia?" mwanafunzi yule aliuliza hatimaye.

"Niliikimbia mvua."

"Hapa Eldoret kila mtu hukimbia, hilo si jibu," alidakia mwanamume aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, amevaa suruali ya mazoezi iliyolowa hadi magotini. "Mimi nimekimbia kilomita ishirini asubuhi, na hiyo mashine haitaningurumia namna hiyo."

Watu walicheka, nami nikacheka. Mwanafunzi aliandika kwenye kipande cha karatasi: 158/102. Aliniomba nikae dakika kumi bila kuzungumza, akanipima tena. Mashine ilinguruma mara mbili kama awali. 154/99. Kisha nikampisha yule mkimbiaji na, ingawa mvua ilikuwa imekatika, nikabaki nimesimama kando ili nisikilize. Yeye alingurumiwa mara moja tu, kwa muda mfupi. Alisomewa mia moja na nane kwa sitini na sita.

Siku iliyofuata nilisoma maelezo ya namna mashine hizo zinavyofanya kazi, kwa kuwa ndivyo ninavyojituliza. Mashine huanza kwa kukadiria. Huujaza mkanda upepo hadi kiwango inachodhani kinatosha kuuzuia kabisa msukumo wa damu mkononi. Ikigundua kwamba damu bado inapenya pale ambapo panapaswa kuwa kimya, huongeza upepo. Haikuwa mbovu, basi. Ilikuwa imenikadiria chini ya nilivyokuwa.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na nilikuwa nikikamilisha tasnifu ya uzamifu kuhusu unyevu wa mahindi yaliyohifadhiwa ghalani. Sikuwa mnene. Sikuvuta sigara. Niliiweka ile karatasi ndani ya kitabu, nikaihamisha mara tatu hadi kitabu kingine, na baada ya wiki moja nikaenda kliniki.

Afisa tabibu, ambaye kila mtu kwenye foleni alimwita daktari, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza huku akiandika. Aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa kahawa. Vikombe viwili, nikajibu. Aliuliza kama nilikuwa nimekwenda msalani. Bado.

"Nenda kwanza. Kibofu kikijaa, presha nayo hupanda. Sitaki kutibu kibofu."

Niliporudi, aliniketisha mgongo ukiwa umeegemea kiti, nyayo zikiwa sakafuni, mkono ukiwa juu ya meza sawa na kifua. Tulikaa kimya dakika tano nzima, yeye akijaza fomu za wengine. Nilisomewa 150/96, kisha 148/94. Ndipo akaweka kalamu chini.

"Umewahi kubeba pampu ya mgongoni, ile ya kunyunyizia mahindi dawa?"

"Nimelelewa nayo, daktari."

"Vizuri. Ukiukandamiza ule mkono wa pampu, dawa inaruka kwa nguvu. Hiyo ndiyo namba ya juu: moyo unapokaza na kusukuma. Ukiuachilia mkono kidogo, dawa hukatika?"

"Haikatiki. Huendelea kutoka kwa shinikizo lililobaki."

"Hilo lililobaki ndilo namba ya chini. Moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo, mishipa haibaki mitupu. Sasa nikupe pampu ambayo mpira wake umekakamaa na matundu yake ni membamba. Nini kitaumia?"

"Mkono wangu."

"Mkono wako utaota misuli, na utajisifu nao. Moyo ukiota misuli kwa sababu hiyo hauna la kujisifia. Ukuta wake unanenepa, unakuwa mgumu, haujai damu inavyostahili, na mwishowe unachoka. Na kabla haujachoka, figo na macho na ubongo vimekuwa vikigongwa na nguvu hiyo miaka yote, nawe husikii lolote. Wewe unasikia chochote?"

"Hapana."

"Ndiyo shida yake."

Alinieleza kwamba vipimo vya siku moja havikumtosha. Damu haitembei kwa kiwango kimoja. Hupanda tukicheka, tukipanda ngazi, tukigombana, na hushuka tukilala. Wapo pia watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu mtu aliyevaa koti jeupe. Kwa hiyo alitaka nipime nyumbani wiki mbili, asubuhi na jioni, kila mara vipimo viwili vilivyopishana kwa dakika moja, na niviandike vyote. Wastani ukifika mia moja thelathini na tano kwa themanini na tano, au ukipita hapo, tungeanza dawa na kuupima moyo kwa mashine ya umeme ili kuona kama ukuta wake ulikuwa umeanza kunenepa. Ukiwa chini ya hapo, tungengoja.

Nilitoka nikiwa nimeshika kadi yenye namba ya simu ya kliniki na uamuzi ambao, nilivyouelewa mimi, ungetegemea daftari nitakaloliandika mwenyewe.

Lazima nieleze kwa nini sikutaka dawa, maana sababu zangu hazikuwa za kijinga zote. Mama yangu ana presha. Iligunduliwa mwaka ule wa vurugu za baada ya uchaguzi, tulipokuwa tukiishi kwenye hema, na tangu wakati huo tembe zake zimekuwa sehemu ya kiamsha kinywa kama chumvi. Mimi ndiye ninayezihesabu, ninayezifuata, ninayemkumbusha. Katika familia yetu kulikuwa na mgonjwa mmoja na msimamizi mmoja, na nafasi yangu niliijua. Tembe ya kwanza, nilijiambia, haiwi moja. Ukiianza ukiwa na miaka thelathini na minne, utaimeza kila asubuhi hadi siku ya kuzikwa. Tena nilikuwa na miezi miwili tu kabla ya kutetea tasnifu yangu, na nilitaka kuingia katika chumba kile nikiwa mtu mzima kabisa, asiye na jambo lolote pembeni mwa jina lake.

Nilinunua mashine. Niliandaa meza karibu na dirisha, nikakunja taulo la kuinulia mkono hadi usawa wa moyo, nikapima kwa rula. Asubuhi ya kwanza nilipata 156/100 na 151/97. Niliziandika kwa penseli.

Penseli ile ndiyo iliyoanzisha yote. Jioni nilisoma mahali fulani kwamba wataalamu wengine huviacha vipimo vya siku ya kwanza, kwa kuwa mtu huwa hajaizoea mashine. Lilikuwa jambo la kweli na halali. Nilivikata vipimo vya siku ya kwanza kwa mstari, kwa moyo mweupe, nikaanza kuhesabu wiki mbili upya. Siku ya pili nilipata 153/98, lakini jirani alikuwa akikaanga pilipili na nilikuwa nimekohoa. Kipimo kilichopatikana baada ya kukohoa si kipimo safi. Nikarudia. 149/95, lakini mlango wa mtu ulikuwa umebamizwa. Nikarudia tena. Kufikia mara ya sita, nikivuta pumzi polepole na kuutuliza mwili hadi karibu nisinzie, mashine ilinisomea 136/86. Hicho nilikiandika kwa wino, katika daftari la kijani, kwa mwandiko wangu mzuri.

Naomba ieleweke kwamba sikubuni namba hata moja. Kila namba iliyokuwa katika daftari lile ilitoka kwenye mashine, mkononi mwangu. Nisingeweza kubuni data hata kama ningetishiwa. Wala sikuweza kuitupa: tangu mwaka wa kwanza nimefunzwa kwamba data ghafi haitupwi. Basi vipimo vyote, vile vya kikohozi na vya mlango na vya ndoto mbaya, niliviandika kwa penseli nyuma ya fomu za maabara nilizokuwa nazo nyumbani, kila kimoja na sababu yake ya kukataliwa. Vile vilivyoshuka vya kutosha nilivizungushia duara. Vya duara ndivyo vilivyohamia kwenye daftari.

Jumamosi ya pili nilikwenda nyumbani Burnt Forest, mashine ikiwa ndani ya mkoba. Mama alikuwa ameshamaliza kukamua, na madebe ya maziwa yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa. Nilimketisha jikoni.

"Mama, egemea. Usivuke miguu. Na usiongee."

"Nisiongee na niko kwangu?"

"Dakika tano tu."

"Dakika tano ni nyingi. Hata mhubiri hajawahi kunipata hizo." Alinyamaza kwa muda wa nusu dakika hivi. "Hii mashine ni ya nani? Ni mpya."

"Ni ya kukupimia wewe."

"Mimi niko na yangu ya dispensari. Umenunua ya nini?"

Nilijisingizia kwamba hatukupaswa kuzungumza, nikabonyeza kitufe. Alisomewa 138/82, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akainuka kwenda kuiandika. Mama huandika vipimo vyake kwenye kalenda ya duka la chakula cha mifugo, iliyotundikwa kando ya mlango, katika miraba ileile anayoandikia tarehe ambazo ng'ombe wamepandishwa na siku viazi viliponyunyiziwa dawa. Nilikuwa nimeitazama kalenda hiyo mara nyingi nikitafuta makosa. Siku hiyo niliitazama kwa namna nyingine. Katikati ya mwezi uliopita palikuwa na 174/101, imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Hii ilikuwa nini, Mama?"

"Ni siku ile ng'ombe mkubwa alikataa kuinuka. Nilishinda nimeinama kwa matope na daktari wa mifugo hafiki."

"Basi hukupaswa kupima siku hiyo. Au ungengoja jioni, utulie, ndipo upime."

"Nilipima kwa sababu ilikuwa saa ya kupima."

"Lakini kwa nini uliiandika?"

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma msomi. "Si ndiyo ilikuwa?"

Halafu akaniuliza, akiwa amenipa mgongo na anamimina chai: "Na wewe, umejipima?"

"Nimejipima. Iko sawa."

"Uliinama kwa vitabu sana hadi nikafikiri hata damu yako imeanza kusoma."

Nilikunywa chai yote. Jioni hiyo, niliporudi Eldoret, ilinibidi nipime mara kumi na moja kabla ya kupata vipimo viwili vya kuandika kwa wino.

Wiki mbili zilipokwisha nilimpelekea afisa tabibu daftari la kijani. Vipimo hamsini na sita, vimepangwa katika safu nne, na chini yake wastani: mia moja thelathini na mbili kwa themanini na tatu. Aligeuza kurasa taratibu.

"Madam, wagonjwa wangu wengi hawaniletei hata kipande cha karatasi. Mmoja aliniandikia namba kwenye mkono, halafu akaoga. Wewe umeniletea kitabu."

Alinipima mwenyewe: 152/96. Akalitazama daftari, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Basi ni sisi tunaokutisha. Huko nyumbani uko sawa, hapa unapanda. Hii tunaijua." Aliandika kwenye faili langu huku akisema maneno yaleyale kwa sauti: presha hupanda kliniki tu, dawa haihitajiki kwa sasa. "Punguza chumvi, tembea kila siku, lala vya kutosha. Tuonane baada ya miezi sita."

"Na kile kipimo cha umeme?"

"Kwa namba hizi hakuna haraka."

Nilishukuru. Nilipofika langoni niligundua kwamba nilikuwa nimelishika daftari kwa mikono yote miwili, kama cheti. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Siku tatu za kwanza nilitembea kila jioni, nikala mboga zisizo na chumvi, nikaiacha mashine kabatini. Siku ya nne nilianza kuusikiliza moyo wangu nikiwa nimeketi na nikiwa nimesimama, nikihesabu. Ulikuwa ukipiga sawasawa. Afisa tabibu alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba hakuna kinachosikika. Hata hivyo nilisikiliza.

Aliyenifumania alikuwa fundi wa maabara yetu, mzee kutoka magharibi aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu, ambaye nimemwita Mzee tangu siku niliyomjua. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa rundo la fomu za sampuli za mahindi tulizokusanya Chepsaita ili aziweke kwenye majalada, na fomu nne kati ya hizo zilikuwa zile nilizoandika nyuma yake. Baada ya muda nilimsikia akicheka peke yake karibu na tanuri la kukaushia.

"Daktari mtarajiwa, njoo uone. Hii mahindi ya Chepsaita iko na unyevu wa mia moja hamsini na sita. Hii si mahindi tena, hii ni uji."

Nilikuja mbio kupita kiasi. Alikuwa ameziinua karatasi kuelekea kwenye mwanga, na kufikia hapo kicheko kilikuwa kimepungua, maana alikuwa ameanza kusoma maneno ya pembeni. Kikohozi. Mlango. Ndoto.

"Hizi ni za presha."

"Ndiyo, Mzee."

"Za nani?"

"Zangu."

Alizipitia zote nne bila haraka. Ni mtu aliyetumia miaka thelathini kusoma majedwali ya watu wengine, na kidole chake kilishuka kwenye safu moja hadi nyingine kikisimama kwenye kila duara.

"Na hizi umezungushia?"

"Ndizo nilizompelekea daktari."

"Hizi peke yake?"

"Vipimo hutofautiana, Mzee. Unajua mwenyewe. Kila kipimo kina makosa yake ndani."

"Ninajua. Makosa mengine huenda juu, mengine huenda chini. Hapa umetupa ya juu tu." Aliketi kwenye kiti kirefu cha maabara. "Tulipokuwa Sugoi, unakumbuka lile gunia tulilofungua kwa yule mama aliyetukaribisha maziwa?"

Nilikumbuka. Wakulima wanaoyapeleka mahindi ghalani wanajua kwamba hayatapokelewa ikiwa unyevu umepita asilimia kumi na tatu na nusu, na wanajua pia kwamba mpimaji aliyechoka huchota pale juu. Baadhi yao hulijaza gunia mahindi mabichi, kisha wakaweka juu debe moja la yale yaliyoanikwa juani wiki nzima. Mahindi ya juu ni ya kweli. Yamelimwa katika shamba hilohilo, yamekaushwa kwa jasho, na ukiyapima yanakuambia kweli kuhusu yenyewe. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ina kurasa nne kuhusu jambo hilo. Nimeeleza humo, kwa utaratibu na kwa mchoro, kwamba ni lazima sampuli itolewe juu, katikati na chini, ichanganywe, ndipo ipimwe. Na nimewaita wanaofanya kinyume chake, kwa lugha ya adabu, chanzo cha upotevu.

"Ulimkaripia yule mama," Mzee alisema. "Kwa upole, lakini ulimkaripia."

"Nilimweleza."

"Ulimweleza akanyamaza. Sasa yule, mahindi yake inaozea kwa stoo ya watu wengine. Hii yako inaozea wapi?"

Aliziweka zile karatasi nne mbele yangu, akazinyoosha pembe, akarudi kwenye tanuri lake. Baada ya dakika chache alisema, bila kugeuka: "Mimi ninameza mbili kila asubuhi. Moja nyeupe, moja ya rangi ya waridi. Mwaka wa tisa huu. Na bado unanitegemea kubeba magunia."

Niliingiza vipimo vyote kwenye kompyuta adhuhuri ile, mia moja thelathini na kimoja, pamoja na vile vya siku ya kwanza. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Wastani wa vyote ulikuwa mia moja arobaini na tisa kwa tisini na tano. Nilijaribu kuondoa siku ya kwanza, kwa kuwa hilo lilikuwa halali: ukashuka kwa chini ya namba moja. Nilijaribu kubakisha vipimo viwili vya kwanza tu vya kila asubuhi na jioni, kama nilivyoagizwa tangu mwanzo. Ukapanda.

Ungefikiri ningepiga simu papo hapo. Nilikaa siku mbili. Nilitunga sentensi. Ya kwanza ilisema kwamba kulikuwa na hitilafu katika kunakili. Ya pili ilisema kwamba baada ya uchambuzi wa kina nilikuwa nimeona haja ya kupitia upya vigezo vya uteuzi. Niliisoma kwa sauti na kusikia jinsi ilivyofanana na barua ambazo wasimamizi wangu hunirudishia zikiwa na mstari mwekundu. Kilichonizuia hakikuwa tena dawa. Nilikuwa nikimwonea haya mwanamke aliyelisifu daftari langu, aliyeandika kwenye faili langu uamuzi usio sahihi kwa sababu aliniamini, na ambaye pengine alimwambia mgonjwa aliyenifuata kwamba angalau awe kama yule madam. Nilifikiria pia miezi sita, na ukuta wa moyo ambao haungengoja nimalize kuona haya. Jambo hilo la pili lilikuwa na uzito zaidi, na bado nilichelewa kulitambua.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilitoka nje ya maabara, nikaketi kwenye ngazi za nyuma mahali tunapoanika sampuli, nikapiga ile namba iliyokuwa kwenye kadi. Iliita kwa muda mrefu. Nilikuwa karibu kukata ilipopokelewa, na sauti niliitambua mara moja.

Nilimtajia namba ya faili langu.

"Ah! Yule wa kitabu. Habari ya masomo?"

"Nzuri, daktari. Ninapiga kwa sababu ya hicho kitabu. Hakijakamilika."

"Ulisahau ukurasa?"

Alinifungulia mlango huo kwa wema, na ulikuwa mpana. Ningeweza kusema ndiyo, nilisahau kurasa nne.

"Sikusahau," nilisema. "Nilikuwa nikipima mara nyingi hadi namba ishuke, halafu ninaandika ile iliyoshuka. Zile nyingine ninazo. Sikukuletea."

Kwa upande wake nilisikia mtu akiita majina ya wagonjwa, na kiti kikiburutwa.

"Zote ni ngapi?"

"Mia moja thelathini na kimoja."

"Na wastani wa zote? Najua umeshapiga hesabu."

"Mia moja arobaini na tisa kwa tisini na tano."

"Leo asubuhi umepima?"

"Mia moja hamsini na mbili kwa tisini na saba. Na ya pili, mia moja na hamsini kwa tisini na saba. Nilipima hizo mbili tu."

"Kichwa kinauma? Kifua? Unaona vizuri?"

"Sina maumivu. Ninaona vizuri."

"Sawa." Nikangoja karipio ambalo nilikuwa nimeliandalia majibu matatu. "Kesho saa mbili uwe hapa. Usinywe chai kwanza, tutatoa damu ya kupima figo na sukari. Tutakupima moyo kwa umeme. Halafu tutaongea habari ya dawa, na utaniuliza maswali yako yote, maana najua utakuja nayo yameandikwa."

"Ndiyo, daktari. Samahani."

"Hizo karatasi uje nazo. Usizinakili upya, nazitaka hivyo hivyo zilivyo." Nilisikia droo ikifunguliwa, kisha kurasa. "Faili lako hili hapa. Nisomee sasa zile za juu kabisa, nifute nilichoandika."

Nilizifungua karatasi juu ya magoti yangu, nikazishikilia kwa kiganja ili upepo usizichukue, nikatafuta.

"Mia moja sitini na nne kwa mia moja na nne," nilisema.

"Siku gani?"

"Jumatano ya kwanza. Asubuhi."

"Endelea."